Mama Kevina, Mtawa wa Masikini

Wasomaji wapenzi, huenda baadhi yenu mkastaajabu kuuona ukurasa huu, uliozoea habari za mashaha wetu na masheikh wetu, leo unatoa maisha ya mtawa wa Kikatoliki. Msiniharakie. Wema haufichiki hata ukifanywa na mtu wa mbali, na mwenye kuusoma si lazima aibadili dini yake ndipo afaidike. Bibi nimtajaye alikufa zamani, mwaka 1957, na mpaka leo jina lake lingali hai katika nchi iliyo ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi. Wenyewe wamwita Mama Kevina.

Mpaka huo wengi wetu twaujua kwa sababu ya kazi. Madereva wetu wa malori na utingo wao waijua Malaba kuliko waijuavyo Lamu. Kontena likishushwa Kilindini leo, baada ya siku chache laonekana kwenye foleni ya Malaba, ama kwenye ile ya Busia, likingoja muhuri. Aliyekwenda huko hivi karibuni ameona kwamba tangu vituo vya pamoja vya forodha vilipowekwa mambo yamekuwa mepesi. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wawili, wa Kenya na wa Uganda, mwezi wa Februari 2018. Lakini wenyeji wa hapo hawakungoja kituo cha pamoja ili wawe pamoja. Wasamia wako huku na huko, na Wateso vivyo hivyo. Mtu hulala Kenya na shamba la mjomba wake liko Uganda. Akipatwa na ugonjwa hauulizi mkojo wake ni wa Kenya au wa Uganda. Huuliza hospitali iliyo karibu iko wapi.

Nilipofika Busia kwa mara ya kwanza jambo hilo ndilo lililonigusa. Nilidhani nitasikia habari za magendo tu. Kumbe mazungumzo ya barazani yalikuwa ya skuli na hospitali: nani amemsomesha binti wake wapi, na nani amezaa kwa mkunga gani. Katika mazungumzo hayo ndipo nilipolisikia jina la Kevina, nikaanza kuuliza na kusoma habari zake.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika wilaya ya Wicklow, nchi ya Ireland. Alizaliwa yatima, maana baba yake alikuwa amekwisha kufa miezi mitatu kabla. Mama yake akaolewa tena, na Teresa alipofika umri wa miaka kumi mama naye akafariki. Akalelewa na bibi yake, mwanamke wa shamba mwenye imani kubwa, na bibi huyo naye akaondoka duniani Teresa akiwa na miaka kumi na saba. Nayataja haya kwa sababu. Sisi katika dini yetu twajua cheo cha yatima, na twajua kwamba mtu aliyeonja uyatima huwa moja katika mawili: ama moyo wake huwa mgumu kama jiwe, ama huwa laini kwa kila aliye mnyonge. Wa binti huyu ulikuwa laini.

Alijifunza kazi ya ualimu msaidizi, akasomesha kidogo, kisha mwaka 1895 akaingia utawani kwa masista wa Mtakatifu Fransisko wa Mill Hill, London. Mwaka 1898 akala kiapo akapewa jina la Sista Mary Kevin. Alikuwa na tamaa ya kwenda kuwatumikia watu weusi wa Marekani. Lakini Mungu hupanga safari asiyoijua msafiri. Askofu Henry Hanlon wa mapadre wa Mill Hill, aliyekuwa Uganda, alipeleka ombi la masista, na katika sita waliochaguliwa mmoja alikuwa yeye. Waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902.

Hapo, wapenzi, habari yake yaingia katika mji wetu. Njia ya kwenda Uganda zama hizo ilikuwa moja: meli mpaka Mombasa, kisha gari la moshi. Reli ilikuwa imefika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Kutoka hapo watu walivuka ziwa kwa meli. Basi masista wale walishuka Mombasa, wakapita katikati ya watu wetu, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika Nsambya, kilima kimoja cha Kampala.

Nchi waliyoipita ilikuwa imebadilishwa mpaka mwaka mmoja tu kabla. Hadi mwaka 1902 ardhi yote tangu Naivasha kuelekea magharibi ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Waingereza wakaikata kwa kalamu wakaitia upande wa Kenya, na ndipo Busia na Malaba zikawa mpakani. Kanisa lao halikufuata kalamu hiyo upesi. Jimbo la mapadre wa Mill Hill, lililoitwa Upper Nile, liliendelea kuchukua pande zote mbili mpaka mwaka 1925. Kwa hiyo misheni za Mumias, Nangina na nyinginezo za upande wa Kenya zilikuwa za wazungu wale wale waliokuwa Nsambya.

Na nikisema Mumias, nakumbuka jambo lingine. Kabla ya reli, kabla ya padri yeyote kujenga pale, watu wetu wa pwani walikuwa wamekwisha kufika. Misafara ya biashara ya Waswahili ilipiga kambi kwa Nabongo Mumia, wakauza nguo na shanga wakanunua pembe. Walichukua pia lugha yetu na dini yetu, na wengi katika ukoo wa Nabongo wakasilimu. Waislamu wa Mumias, na wengi wa hao walioko Busia na Malaba, ni matunda ya safari hizo. Njia ilikuwa moja. Tuliitangulia sisi, wakaifuata wao. Jambo hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

Sista Kevin na wenzake walianza kazi chini ya mwembe. Walikuwa na dawa chache, wakaa kivulini pale Nsambya, wagonjwa wakaja. Hiyo ndiyo asili ya Hospitali ya Nsambya, ambayo leo ni miongoni mwa hospitali kubwa za Kampala. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu wa kandokando ya ziwa, tangu Busoga mpaka mwambao wa Samia ulio upande wa Kenya. Waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili, na vijiji vizima viliachwa tupu mpaka serikali ikawahamisha waliosalia mbali na maji. Dawa ya kuponya ilikuwa haijapatikana. Kazi ya masista ilikuwa kumwosha mgonjwa, kumlisha, kumkalia kitako asife peke yake. Nani asiyejua uzito wa kazi hiyo? Kumuuguza mtu anayepona kuna furaha yake. Kumuuguza anayekufa kwataka subira ya namna nyingine.

Mwaka 1906 wakafungua kituo Nagalama. Mwaka 1910 Sista Kevin akafanywa mkuu wa wenzake, na tangu hapo akawa Mama Kevin. Mwaka 1913 walipopata masista wengine wakaenda Kamuli, katika Busoga. Kila walipokwenda walianza na mambo mawili pamoja: zahanati na skuli. Na skuli zao hazikuwa za kalamu peke yake. Wasichana walisoma, wakashona, wakalima, na wakatumwa kuwatazama wagonjwa na vikongwe wasio na watoto wa kuwatekea maji. Kwake yeye elimu isiyomfikisha mwanafunzi kwa jirani yake mgonjwa ilikuwa elimu pungufu.

Ikaja vita ya mwaka 1914. Sisi tusiosahau majina ya mitaa twajua habari ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi: majina hayo yatokana na jeshi la wapagazi, Carrier Corps, Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya askari wa Kiingereza katika kuwapiga Wajerumani. Walikufa kwa maelfu mengi, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, njaa na baridi. Kutoka nchi ya mpakani, Kenya na Uganda, walichukuliwa vijana wengi. Nsambya ikawa hospitali ya wapagazi hao. Mama Kevin aliwapokea wakiwa mifupa mitupu, akakasirika kuona namna wazungu wenzake walivyowatumia watu kama punda. Serikali ile ile iliyowachosha wapagazi ikampa yeye nishani ya MBE, tarehe 25 Desemba 1918, kwa kazi ya kuwauguza. Mimi naona ajabu ya mambo ya wakubwa: hupiga kwa mkono mmoja, na kwa wa pili humvika nishani mwenye kufunga jeraha.

Baada ya vita akaingia katika jambo lililomletea maneno na watu wa dini yake mwenyewe. Aliona wanawake wakifa katika uzazi na watoto wakifa kabla ya arubaini. Lakini sheria ya kanisa lao zama hizo iliwakataza watawa kufanya kazi ya ukunga. Wangeweza kusomesha na kuuguza, lakini mwanamke mwenye uchungu wasimguse. Mama Kevin hakuivunja sheria, wala hakukaa kuitazama. Alimpata daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, na pamoja wakaanzisha pale Nsambya chuo cha kuwafundisha wasichana wa Kiafrika uuguzi na ukunga. Wapo waliochukia, wakaona ni jambo lisilofaa watawa kujihusisha nalo, na wengine wakadai kuwa msichana wa Kiafrika hataweza. Akavumilia. Mwaka 1936 wakuu wa kanisa huko Roma wakatoa amri kuwaruhusu watawa kufanya kazi za udaktari na ukunga. Yeye na wenziwe waliokuwa wakilililia jambo hilo walikuwa wamengoja miaka mingi.

Mwaka 1923 alifanya jambo la pili lililowashangaza wengi. Aliwachukua wasichana wanane wa Kiafrika akaanzisha nao shirika lao wenyewe la utawa huko Nkokonjeru, liitwalo Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Zama hizo wazungu wengi waliamini kuwa Mwafrika ni wa kuongozwa tu. Leo Masista Wadogo hao wako Uganda, Kenya na Tanzania, na utawakuta katika skuli na zahanati. Hapo Nkokonjeru pia akaanzisha nyumba ya vilema na wazee wasio na watu. Kisha wakaja wenye ukoma. Alifungua makazi yao Nyenga mwaka 1932, na Buluba, katika Busoga, mwaka 1934. Buluba ndipo alipokuja kufanya kazi daktari wa Kipolandi Wanda Błeńska, kwa zaidi ya miaka arubaini tangu mwaka 1951.

Mtu akipita barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba upande wa Kenya hupita Alupe, nako kwajulikana kwa hospitali ya ukoma na utafiti wake. Hiyo haikuwa kazi ya Mama Kevin, ilikuwa ya serikali. Lakini nilipopita hapo nilifahamu kwa nini jina lake lavuka mpaka. Katika nchi ile ukoma ulikuwa ni ugonjwa wa kumtenga mtu na mkewe, na watoto wake, na kata ya maji. Anayemgusa mwenye ukoma kwa mkono wake hasahauliki.

Kwa skuli, iliyo mashuhuri kabisa ni ile ya wasichana ya Namagunga, kando ya barabara ya Kampala na Jinja, aliyoiweka mwaka 1942. Huko ndiko aliposoma Specioza Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda tangu 1994 mpaka 2003, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika nchi hiyo. Wakati skuli inafunguliwa, wazee wengi, Wakristo na Waislamu, walikuwa wakisema kuwa msichana kumsomesha mpaka juu ni kupoteza ada.

Mwaka 1952 masista wake wakawa shirika la pekee lenye kujitegemea, Masista Wamisionari wa Kifransisko kwa Afrika, yeye akiwa mkuu wao wa kwanza. Mwaka 1955 akaachia madaraka. Angeweza kupumzika, ajuza wa miaka themanini. Lakini alikwenda Boston, Marekani, akafanya kazi ya kuomba fedha kwa ajili ya hospitali na skuli za Afrika. Huko ndiko alikofia tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka themanini na miwili. Wakamsafirisha mpaka Ireland kumzika. Watu wa Uganda waliposikia wakasema huyu ni wetu, wakataka arudishwe. Akarudishwa kwa ndege, akazikwa Nkokonjeru mwaka huo huo, kati ya wasichana aliowalea. Mwaka 2016 kanisa lake lilianza rasmi uchunguzi wa kumtangaza mtakatifu. Hilo ni jambo lao, wao ndio wajuao taratibu zake.

Sasa nirudi kwetu. Msomaji Mwislamu ana haki ya kuniuliza: je, bibi huyu hakuwa na nia ya kuwatia watu katika dini yake? Alikuwa nayo, wala hakuificha. Alikuja kuhubiri kwa mikono. Nao wazazi wetu waliozikimbia skuli za misheni hawakuwa wajinga. Waliona watoto wa watu wakiingia na jina moja na kutoka na jingine. Hofu yao ilikuwa ya haki, na sitaki mtu aicheke.

Lakini pale Busia nilizungumza na mzee mmoja Mwislamu, jirani wa msikiti, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka huku pwani. Alinieleza kuwa binti wake alipomaliza darasa la mwisho la chini, skuli ya wasichana iliyokuwa karibu ilikuwa ya masista. Jamaa walimkataza. Akakaa siku nyingi hana usingizi. Kilichomwamulia ni jambo moja: mkewe alikaribia kufa katika uzazi, na mkunga aliyekuwapo alikuwa mwanamume, na mke akakataa kuingia. Mzee alijiuliza, twataka wake zetu wahudumiwe na wanawake kwa ajili ya sitara, lakini wanawake hao watatoka wapi ikiwa kila mmoja wetu amefungia binti wake nyumbani? Akampeleka, kwa sharti ya kuwa hataacha sala yake, na kila jioni ya likizo akamsomesha Kurani mwenyewe. Binti huyo leo ni mkunga, na wanawake wa Kiislamu wa pande zote mbili za mpaka humtafuta yeye.

Swali la mzee yule silo geni kwetu. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilipigia kelele katika magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Aliwaambia Waislamu wa Mombasa kuwa wasomeshe watoto wao, wa kiume na wa kike, na wajijengee skuli zao badala ya kulalamikia za wenzao. Wapo waliomsikia. Taasisi ya MIOME ya Mombasa, ambayo baadaye imekuwa Chuo Kikuu cha Ufundi, ilijengwa kwa mali ya watoaji, Aga Khan na Sultani wa Zanzibar wakiwamo. Si kweli basi kwamba sisi hatujui kutoa. Twatoa sana. Wakfu wa pwani ni wa karne nyingi, misikiti yetu na visima vyetu vyashuhudia.

Ila tazameni njia ile ya Mumias. Tuliitangulia miaka mingi. Tukaacha huko msikiti, chuo cha Kurani, na lugha inayowaunganisha watu wa Busia na Malaba mpaka leo, na hayo si madogo. Lakini zahanati hatukuacha, wala chuo cha wakunga, wala nyumba ya wenye ukoma. Ndugu zetu Waislamu wa mpakani wakiugua huenda kwa Kevina, na wakimaliza madarasa ya chini huenda kwa masista. Tukiwalaumu kwa hilo, tuwe kwanza tumewapa pa kwenda.

Tumefundishwa vyuoni tangu utotoni kuwa mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa katika mambo matatu, na mojawapo ni sadaka yenye kuendelea. Msikiti ni sadaka hiyo. Kisima ni sadaka hiyo. Na kitanda cha mzazi, chenye mkunga mwanamke wa Kiislamu aliyesomeshwa kwa mali ya Waislamu, nacho ni sadaka hiyo. Wenye majumba ya kukodisha Mombasa, na wenye malori yaendayo Malaba kila juma, wako miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu. Skuli moja ya wasichana na zahanati moja kule mpakani haziwashindi.